Mtawa aliyetaka Ockham asikilizwe

Kwa miaka mingi waandishi wa historia ya falsafa walimbebesha William Ockham lawama nzito: eti ndiye aliyeubomoa usomi wa Kikristo wa Zama za Kati. Mfransisko huyo Mwingereza aliitwa Avignon mwaka 1324 mafundisho yake yachunguzwe, akatoroka mwaka 1328, akatengwa na Kanisa, akafia Munich mwaka 1347.

Aliyesimama kumtetea ni Mfransisko mwenzake, Padri Philotheus Boehner, mzaliwa wa Ujerumani mwaka 1901. Boehner alikuwa amesomea pia biolojia, na naamini huko ndiko alikojifunza kutohukumu kitu kabla ya kukichunguza chenyewe. Alitafsiri kwa Kijerumani kitabu cha mwanahistoria wa falsafa Étienne Gilson kuhusu Mfransisko Bonaventura, na mwaka 1937 wakatoa pamoja historia ya falsafa ya Kikristo. Gilson alimwalika Toronto. Vita vya 1939 vikamkatia njia ya kurudi kwao. Mwaka 1940 akahamia chuo cha St. Bonaventure, jimbo la New York, akaijenga Taasisi ya Kifransisko. Mwandishi Thomas Merton, kabla ya kuingia utawani, alisoma kwake.

Hoja iliyomtia joto zaidi ilihusu swali hili: Mungu aweza kutufanya tukitambue moja kwa moja kitu kisichokuwapo? Ockham alijibu ndiyo. Wakosoaji wakadai kwamba, basi, hakuna tena ujuzi wa kutegemewa. Boehner akarudi kwenye miswada ya kale, akalinganisha nakala kwa nakala, na mwaka 1943 akaonyesha kilichorukwa: kwa Ockham, utambuzi huo huo huijulisha akili kwamba kitu hakipo. Akili haidanganyiki. Mwanafalsafa Anton Pegis wa Toronto hakukubali, wakajibizana vikali majaridani. Mimi naona Boehner alikuwa na haki ya kudai jambo moja: mshtakiwa asomwe kwanza kwa maneno yake kamili.

Ndiyo sababu nguvu zake alizimalizia kwenye uhariri, kazi isiyompa mtu umaarufu. Sehemu za Summa Logicae, kitabu kikuu cha Ockham cha mantiki, alizitoa mwaka 1951 na 1954. Mwaka uliofuata akafariki, akiwa na umri wa miaka 54.

Wenzake wa Taasisi, akiwemo Gedeon Gál, waliendelea. Kati ya 1967 na 1988 walichapisha juzuu 17 za falsafa na teolojia ya Ockham. Summa Logicae kamili ilitoka mwaka 1974, na miongoni mwa wahariri wake watatu, jina la Boehner ndilo la kwanza.