Telefone kumi kwenye habu moja ya USB: namna ya kuzichaji bila kuunguza kitu

Mjini Baraka na katika vijiji vingi vya teritware ya Fizi, tangu Mboko hadi Misisi, wakaaji wengi hawana umeme wa SNEL nyumbani. Telefone zinachajiwa kwenye kibanda: pano ya jua juu ya bati, batri chini ya meza, na juu ya meza waya kumi ao ishirini zinazotoka ndani ya habu za USB. Mteja anaacha telefone yake, anapewa namba, anarudi jioni. Ndani ya telefone hiyo mna makuta yake ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, mna namba za ndugu walioko Uvira, Kalemie ao kambini Lusenda. Ikiungua, mwenye kibanda ndiye anadaiwa, na bei ya telefone moja inaweza kumaliza faida ya wiki nyingi.

Habu ni kile kisanduku kidogo chenye tundu moja la kuingiza umeme na matundu mengi ya kuutoa. Haizai umeme. Inagawa tu ule inaoletewa. Matatizo mengi ya vibandani yanatokana na kusahau jambo hilo: mutu anaona matundu kumi, anafikiri iko na nguvu ya telefone kumi.

Nguvu yenyewe imeandikwa kwenye adapta inayolisha habu, kwa maandishi madogo ambayo wengi hawasomi. USB ya kawaida inatoa volti 5. Kinachobadilika ni ampea. Kama adapta imeandikwa 5V 6A, hizo ampea 6 ni za matundu yote pamoja, si za kila tundu. Ukigawa kwa kumi, kila telefone inabaki na ampea 0.6. Telefone ndogo ya vibonyezo itaridhika. Lakini telefone kubwa ya kugusa inataka ampea 1 hadi 2, kwa hiyo kumi za namna hiyo zikichomekwa pamoja zinaomba kupita uwezo. Habu nzuri inajilinda, inapunguza ao inakata. Ile ya bei ya chini inaendelea kutoa mpaka plastiki inalegea na kunuka. Njia rahisi ni kujumlisha kabla ya kuchomeka: telefone kubwa ihesabiwe ampea 1 na nusu, ndogo nusu ampea, na jumla isipite ile ya adapta. Kwa adapta ya ampea 6, hiyo ni telefone kubwa nne, ama mbili kubwa na ndogo sita.

Kuna dalili moja ambayo haihitaji hesabu. Mkono ukiwekwa juu ya habu na hauwezi kukaa hapo kwa sababu ya joto, telefone kadhaa zitolewe palepale.

Habu za kompyuta ni jambo jingine. Kwenye sekretaria za kuchapa na kufotokopi, na hata kwenye studio za redio, mara nyingi kompyuta moja inabeba modemu, maus, printa na diski ya nje kupitia habu isiyo na adapta yake. Tundu la USB 2.0 la kompyuta linatoa nusu ampea tu, lile la USB 3.0 linatoa ampea 0.9, na modemu, maus na diski vinagombania hiyo. Mwenye kuumia kwanza ni diski: inalia tik-tik, inapotea kwenye skrini, inarudi. Ikipotea wakati inaandika, mafaili yanaweza kuharibika, iwe ni mitihani ya shule nzima ama orodha ya wagonjwa. Hapo inafaa habu yenye adapta yake yenyewe, ama diski ichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta na habu iachiwe vitu vidogo. Na kuchaji telefone ya mteja kwenye habu hiyohiyo inayobeba diski ni kutafuta hasara.

Sasa batri. Wengi wanapitisha umeme kwa konvertisa, ile inayogeuza volti 12 kuwa 220, halafu wanachomeka chaja za ukutani zinazourudisha tena kwenye volti 5. Kila mgeuzo unakula umeme, na konvertisa yenyewe inakula hata kama hakuna telefone. Chaja za gari, zinazotoka volti 12 moja kwa moja hadi 5, zinapoteza kidogo zaidi. Ila zifungwe kwenye batri ama kwenye regilata, si kwenye pano. Pano inayoitwa ya volti 12 inaweza kufika volti 20 na zaidi jua likiwa kali, na kitu kilichofungwa juu yake bila regilata kinaweza kufa mchana mmoja.

Hesabu ya siku nayo haidanganyi. Telefone kubwa yenye batri ya 4000 mAh inabeba karibu wati-saa 15. Ukiongeza upotevu, weka 20. Pano ya wati 100 ikipata saa nne za jua zuri inatoa wati-saa 400 kwa juu, na baada ya upotevu zinabaki kama 300. Hizo ni telefone kubwa 15 tangu sifuri mpaka zijae. Batri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 itaonekana kuweza hata 30, na kwa siku moja itaweza kweli. Lakini anayeikamua hivyo kila siku na kuirudishia za 15 tu anaiua, na siku za mawingu zinaharakisha kifo hicho. Batri ya namna hiyo isishushwe chini ya nusu.

Kwenye waya ndipo wengi wanataka kuokoa makuta. Waya mwembamba unapasha moto na unapunguza volti njiani, kwa hiyo telefone inachaji pole pole huku mwenye kibanda analaumu pano. Kutoka batri hadi habu, waya wa milimita-mraba 2.5, mfupi, unatosha kwa kibanda cha kawaida. Fuzi iwekwe karibu kabisa na upande wa chanya wa batri. Telefone kumi zinazokula ampea 1 kila moja ni wati 50, yaani kama ampea 5 upande wa volti 12, kwa hiyo fuzi ya ampea 7.5 ama 10 inafaa. Ikikatika, itafutwe sababu. Kuiziba kwa uzi wa shaba ni kuondoa kitu pekee kilichokuwa kinalinda nyumba.

Batri ya risasi inapochajiwa inatoa hewa inayowaka, kwa hiyo isikae katika chumba cha kulala wala karibu na mshumaa, taa ya petroli ama mutu anayevuta sigara. Telefone zisirundikwe moja juu ya nyingine wala kufunikwa kitambaa ili wezi wasizione. Zipangwe juu ya ubao ama bati, na usiku zisiachwe peke yake. Ile ambayo mgongo wake umevimba isipokelewe, hata mteja akikasirika. Batri yake ikiwa ya kutoka, arudishiwe akanunue nyingine, na ile iliyovimba isitobolewe wala kutupwa kwenye moto wa takataka.

Moshi ukitokea, kwanza umeme ukatwe kwenye batri kubwa, ndipo telefone inayowaka isukumwe nje kwa fimbo ama koleo, mbali na nyasi na bati la jirani. Imwagiwe maji mengi, kwa sababu batri ya lithiamu ikizimika bila kupoa inaweza kuwaka tena. Moshi wake una sumu: watoto waondolewe kwanza.