Kutoka Uzito hadi Uzito: Historia Fupi ya Hesabu ya Kemia

Uzito fulani wa kitu kimoja huzaa uzito gani wa kingine? Swali hili hukutwa na kila mwanafunzi aanzaye kemia. Wayeyushaji wa shaba wa Katanga ya kale walilijibu kwa uzoefu: walitia malakiti na makaa tanuruni, wakapata shaba ya kutengeneza misalaba yao. Kulijibu kwa hesabu ni habari ya baadaye.

Mwaka 1789 Lavoisier alieleza kwamba uzito haupotei katika mabadiliko ya kemia. Mwaka 1792 Mjerumani Richter aliipa elimu hiyo jina la stoikiometria, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya elementi na kipimo. Mwaka 1799 Mfaransa Proust, aliyefanya kazi Hispania, alilinganisha kaboneti ya shaba ya ardhini, yaani malakiti, na ile iliyotengenezwa maabarani. Akaona kwamba uwiano wa shaba ni uleule.

Hata hivyo, mizani hupima, haihesabu. Dalton, katika kitabu chake cha mwaka 1808, alidhani kwamba katika maji atomu moja ya hidrojeni huungana na moja ya oksijeni. Kwa kuwa hidrojeni ni mbili, uzito alioipa atomu ya oksijeni ulikuwa chini ya nusu ya ule wa kweli. Avogadro alitoa ufunguo mwaka 1811, lakini wengi hawakuukubali mpaka Cannizzaro alipoutetea katika mkutano wa Karlsruhe, mwaka 1860.

Kutokana na historia hiyo, hesabu ina hatua tatu. Tuseme kuna gramu 442 za malakiti safi. Moli moja ya malakiti ina gramu 221. Basi hizo ni moli 2. Kila moli ya malakiti ina moli 2 za atomu za shaba. Basi shaba ni moli 4. Moli moja ya shaba ina gramu 63.5, jibu ni gramu 254.

Mwanafunzi arukaye hatua ya kati hupata gramu 127, nusu ya shaba iliyomo. Kosa lake si la kuzidisha wala kugawanya. Amepima vizuri lakini hakuhesabu atomu, na hapo ndipo Dalton naye alipojikwaa. Kati ya uzito na uzito pana idadi, na asiyepitia hapo hafiki.