Safari ya baiskeli Himalaya: maswali ya afya ya kuuliza kabla hujalipa

Safari za baiskeli zenye mwongozaji katika milima ya Himalaya huuzwa kwa vijana wa shule, wanafunzi wa vyuo na hata familia nzima. Nyingi hufanyika Ladakh na Himachal, kaskazini mwa India, au Mustang na Annapurna nchini Nepal. Ikiwa mwanao anasoma India, siku moja anaweza kukupigia simu kukuambia kwamba wenzake wanakwenda likizo hii na kila mmoja anachangia fedha. Mzazi hufikiria kwanza kuanguka, malori na makorongo. Hofu hizo zina msingi. Lakini kuna hatari nyingine isiyoonekana kwenye picha za matangazo, nayo inaweza kumuua kijana mwenye afya njema kabisa: kulala juu mno, mapema mno.

Makala haya yanakueleza namna ya kuisoma ratiba ya safari, nani asiende, na dalili gani zikitokea hakuna kusubiri asubuhi.

Kwa nini mwinuko unadhuru?

Kadiri unavyopanda mlima, hewa inakuwa nyepesi. Leh, mji mkuu wa Ladakh, uko karibu mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Pumzi moja pale ina takribani theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo mtu anaipata Mombasa au Dar es Salaam. Khardung La, ambako barabara inafika mita 5,359, ni karibu nusu. (Neno "La" katika majina ya huko ni mahali barabara inapovuka mlima.) Mwili unaweza kuzoea hali hiyo, ila hauzoei kwa saa chache, unahitaji siku kadhaa. Usipopewa siku hizo, ndipo unapokuja ugonjwa wa mwinuko.

Mazoezi hayakingi ugonjwa huu. Kijana anayekimbia kila asubuhi anaweza kuugua huku mwenzake mnene asiyefanya mazoezi yuko salama. Tena mwenye nguvu huwa na hatari yake: anapanda haraka, anaona aibu kusema kichwa kinamuuma, na kundi zima linamtazama kama mfano. Kuishi Nairobi au Mbeya nako hakutoshi, kwa sababu miji hiyo iko chini sana ikilinganishwa na Leh.

Soma ratiba ukiwa na kalamu

Omba kampuni ikupe ratiba inayoonyesha mwinuko wa kila mahali watakapolala. Si mahali watakapopita mchana, bali mahali watakapolala. Kampuni isiyoweza kukupa namba hizo haijajiandaa kumpokea mwanao.

Kanuni inayotumiwa na madaktari wa milimani ni hii: ukishavuka mita 3,000, kila usiku lala mahali pasipozidi mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne ongeza usiku mmoja wa kupumzika bila kupanda. Mchana unaweza kupanda juu zaidi, mradi urudi kulala chini. Andika namba mbili mbili pembeni ya ratiba, toa, uone tofauti.

Chukua barabara maarufu ya kutoka Manali hadi Leh, ambayo waendesha baiskeli wengi huiota. Manali iko karibu mita 2,000, kwa hiyo mwanzo ni mzuri. Kijiji cha Jispa kiko karibu mita 3,200. Ratiba nyingi za haraka huwatoa watu Jispa na kuwalaza kambi ya Sarchu, iliyo karibu mita 4,300. Hapo wamepanda zaidi ya mita 1,000 kwa usiku mmoja. Ratiba yenye busara huweka usiku mmoja katikati, kwa mfano Patseo, karibu mita 3,800, na bora zaidi ikiongeza siku ya kupumzika kabla.

Sarchu ina tatizo jingine ambalo ni zito kuliko namba zenyewe. Iko kati ya milima. Mtu akizidiwa usiku pale, kumrudisha Manali ni lazima gari livuke kwanza Baralacha La, karibu mita 4,900. Kumpeleka Leh ni lazima livuke milima mingine iliyo juu zaidi, ikiwemo Tanglang La yenye mita zaidi ya 5,300. Yaani ili ashuke, inabidi kwanza apandishwe. Wengi wetu tunamfahamu mtu aliyepanda Kilimanjaro, na tunajua wabeba mizigo humteremsha mgonjwa kwa saa chache hadi kwenye hewa nzito. Mlima ule ni mrefu kuliko barabara zote hizi, lakini kutoka kileleni kila hatua ya kurudi ni ya kushuka. Ladakh si hivyo. Ndiyo maana katika njia hii kosa la ratiba ni vigumu kulirekebisha baadaye.

Wanaokwenda Leh kwa ndege wana shida yao. Ndege inaruka kutoka Delhi, mji wa bondeni, na baada ya kama saa moja na nusu abiria wanashuka kwenye mita 3,500. Hao wakae Leh angalau siku mbili kamili bila kugusa baiskeli: kutembea polepole, kula, kunywa maji na kulala. Siku tatu ni bora. Baada ya hapo, ile safari ya kupandishwa na gari hadi Khardung La na kuteremka kwa baiskeli takribani kilomita 40 kurudi Leh si mbaya, kwa kuwa juu wanakaa muda mfupi. Wakivuka upande wa pili kulala bonde la Nubra, wanalala chini kuliko Leh kwenyewe.

Nepal, njia ya kuzunguka Annapurna huvuka Thorong La, mita 5,416. Kijiji cha Manang, karibu mita 3,500, kina kliniki ya shirika la Himalayan Rescue Association katika misimu ya watalii. Ratiba inayowapa usiku mbili Manang ni dalili njema kwamba aliyeipanga anajua kazi yake. Kuhusu majira: Ladakh ni Juni hadi Septemba, Nepal ni Oktoba na Novemba, au Machi na Aprili. Kati ya Juni na Septemba sehemu kubwa ya Nepal ina mvua na maporomoko ya ardhi.

Swali ambalo kampuni haitakuuliza: selimundu

Fomu za afya za kampuni nyingi huuliza moyo, pumu na kisukari. Swali la selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita, mara nyingi halimo. Kwa familia za Afrika Mashariki ndilo la kwanza.

Mwenye ugonjwa wa selimundu asiende. Oksijeni ikipungua, chembe zake nyekundu za damu hujikunja na kuziba mishipa, na maumivu makali yanaweza kuanza mbali na hospitali yoyote.

Mbebaji wa vinasaba, yule aliyerithi kwa mzazi mmoja tu na ambaye hajawahi kuugua, ni suala tofauti. Wengi wao hupanda milima na kurudi salama. Hata hivyo wapo ambao bandama yao hukosa damu wakiwa juu, na mara nyingi hawakuwa wakijua kwamba ni wabebaji. Dalili ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, pengine na kichefuchefu. Watu hudhani ni tumbo la chakula cha safarini. Mbebaji anayepata maumivu hayo ashushwe na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo mpime mwanao kabla hujalipa. Mwambie daktari unataka kipimo kinachotofautisha mgonjwa na mbebaji, kwa sababu kile cha haraka cha kuangalia tu kama damu inajikunja hakitofautishi. Wakati huo huo apimwe wingi wa damu. Binti anayepata hedhi nzito anaweza kuwa na upungufu wa damu bila kujua, na mlimani atauhisi. Mwenye pumu iliyodhibitiwa vizuri anaweza kwenda, ila dawa yake ya kuvuta aiweke ndani ya koti karibu na mwili, isigande kwa baridi.

Dawa ya kuzuia

Ipo dawa iitwayo asetazolamidi, inayojulikana zaidi kwa jina la Diamox. Husaidia mwili kuzoea haraka. Huanza kunywewa siku moja kabla ya kupanda, na kwa mtoto daktari huikadiria kwa uzito. Vidole hufa ganzi kidogo na mtu hukojoa mara nyingi. Hayo ni ya kawaida. Dawa hii iko katika ukoo wa salfa. Ikiwa mwanao aliwahi kupata mzio mbaya kwa Septrin au dawa nyingine ya salfa, kama ngozi kubabuka au midomo kuvimba, mweleze daktari kabla hajaiandika. Na Diamox haiifanyi ratiba mbaya kuwa nzuri.

Pombe na dawa za usingizi ziachwe kabisa siku za kupanda.

Dalili, na nini kifanyike

Ugonjwa huanza kama uchovu wa kawaida, kwa kawaida saa 6 hadi 12 baada ya kufika mahali pa juu: kichwa kuuma, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu. Mtu akiwa hivyo asipande tena. Abaki alipo, apumzike, ameze panado kwa ajili ya kichwa. Akipona kabisa ndipo aendelee. Asipopata nafuu, ashuke.

Dalili zifuatazo ni za hatari, na mgonjwa ashushwe hata kama ni saa nane usiku:

- Anayumba kama mlevi, au hawezi kutembea kwa mstari mmoja kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma.
- Anachanganyikiwa, anaongea ovyo, au hataki kuamka. Ubongo umeanza kuvimba.
- Anahema akiwa amekaa tu, anakohoa, pengine anatoa povu lenye rangi ya waridi. Mapafu yanajaa maji. Hali hii hupenda kuja usiku wa pili hadi wa nne.

Uliza kampuni kama gari linalofuata kundi lina mtungi wa oksijeni, na nani amefunzwa kuutumia. Oksijeni hununua muda. Haichukui nafasi ya kushuka.

Jambo moja zaidi linalowahusu wanaotoka kwetu. Kijana aliyeondoka Mwanza au Kisumu wiki mbili zilizopita anaweza kubeba malaria mwilini. Kichwa kikiuma, akatapika na homa ikapanda sana, mwongozaji wa Ladakh atafikiria mwinuko tu, maana kwake malaria si ugonjwa wa kila siku. Homa kali si dalili ya kawaida ya mwinuko. Mwanao ajue kusema wazi: "Nimetoka eneo lenye malaria, nipimeni." Kufunga kipimo cha haraka kwenye mkoba ni jambo la busara.

Mengineyo kwa ufupi

Kofia ngumu imkae kichwani bila kucheza, na aivae hata siku anayosukuma baiskeli kupanda. Mteremko ni mrefu na baridi hufanya vidole vishindwe kubana breki, kwa hiyo glavu nzito ni lazima. Uliza kama baiskeli itakuwa ya kimo chake. Mtoto aliyepewa baiskeli ya mtu mzima hawezi kuweka mguu chini kwa haraka.

Mbwa wa India na Nepal hupenda kukimbiza baiskeli, na kichaa cha mbwa kipo. Azungumze na daktari kuhusu chanjo kabla ya safari. Akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kupata chanjo hata kama alichanjwa kabla. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na pakiti za ORS ziwemo. Miwani ya jua avae, hata kama ngozi yake haiungui kirahisi; macho huungua.

India hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka Kenya, Uganda na Kongo. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa, basi usingoje wiki ya mwisho. Bima nayo isomwe yote: nyingine haziwalipii walio juu ya mita fulani, nyingine hazihesabu baiskeli za milimani. Tafuta iliyoandika waziwazi mwinuko wa juu kabisa wa ratiba yenu, na uokoaji kwa helikopta.

Mwisho, kubalianeni na mwongozaji, kwa maandishi, kwamba mwanao akisema anaumwa, neno lake linatosha kusimamisha kupanda, na kwamba hataachwa nyuma peke yake. Njia ya Manali hadi Leh ina siku nzima zisizo na mtandao, kwa hiyo usitegemee kuamua wewe kwa simu. Andika karatasi mbili zenye majibu ya kipimo cha selimundu, kundi la damu, mzio, dawa anazotumia, namba ya bima na namba yako. Moja apewe mwongozaji siku ya kwanza, nyingine ikae kwenye mfuko wa koti la mwanao.