Pweza ni wa Galu, friza ni ya nani?

Juzi niliposti video ya mjomba wangu akitoka mwambani na pweza wanne. Komenti zikajaa, nyingi za utani, lakini moja ilinikaa: "Pweza wote hao kila bamvua, mbona watu wa Galu hamtajiriki? Uvivu tu." Nilijaribu kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa. Basi leo naandika kirefu, na itabidi tuanze mbali kidogo.

Kwa mamia ya miaka pwani hii ilifanya biashara ya ng'ambo bila baridi yoyote. Majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Uarabuni na Ghuba, yakarudi na kusi. Sasa angalia yalibeba nini. Wakija: tende, chumvi, papa mkavu. Wakirudi: boriti za mikoko, nafaka, pembe, karafuu. Vyote vikavu! Si kwamba watu hawakupenda vibichi, ni vile kibichi hakiwezi kungoja upepo. Samaki wa asubuhi akikaa bila barafu mpaka saa nane mchana, huyo si wa kusafiri tena. Ndio maana nyanya yangu mpaka leo anajua kumpasua samaki, kumtia chumvi na kumwanika awe ng'onda. Hiyo ilikuwa teknolojia yetu, na ilikuwa na sifa moja kubwa: jua halina mwenyewe. Tajiri na maskini wanaanika sawa.

Halafu ikaja mashine.

Tarehe 15 Februari 1882, meli ya matanga iitwayo Dunedin iliondoka Port Chalmers, New Zealand, ikiwa na karibu kondoo 5,000 waliochinjwa na kugandishwa. Ndani walifunga mashine ya baridi inayoendeshwa kwa makaa ya mawe. Yani chombo kinakwenda kwa upepo kama jahazi, lakini nyama iko kwenye friza. Walipofika sehemu za joto, hewa baridi ikawa haizunguki vizuri. Nahodha, John Whitson, akatambaa mwenyewe ndani ya njia za hewa kukata matundu zaidi, akazidiwa na baridi karibu afe. Ilibidi wamfunge kamba miguuni na kumvuta nje. Baada ya siku 98 wakafika London. Mzoga uliokataliwa? Mmoja tu.

Stori ya nahodha ni tamu, lakini kilichofuata ndicho muhimu. New Zealand iko mwisho wa dunia kabisa ukitokea Uingereza, na bado ikageuka kuwa jiko la Waingereza kwa nyama na siagi. Wafugaji wa maziwa kule wakaungana kwenye vyama vya ushirika, wakawa na viwanda vyao wenyewe. Siagi ikiingia kwenye chumba cha baridi, bado ni mali yao. (Ardhi yenyewe ilikuwa ya Wamaori, na nyingi ilichukuliwa kwa nguvu. Hilo tusilifiche.)

Walowezi wazungu wa Kenya waliielewa hiyo mbinu. Mwaka 1925 wakaanzisha ushirika wao, KCC, na siagi ya bara ikawa inateremka kwa reli hadi Mombasa, ipande meli kwenda Uingereza. Kwa hivyo baridi ilifika pwani zamani sana. Ila ilikuwa inapita tu. Haikuvuka feri kuja huku Kwale.

Kuna jamaa mwingine lazima niwatajie, na ndio, nampenda kwa sababu zangu. Anaitwa Frederick McKinley Jones, Mmarekani mweusi aliyezaliwa 1893. Alikua yatima, akaacha shule akiwa bado mtoto, akajifundisha ufundi na umeme kwa vitabu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 akaunda mashine ya baridi ya kufunga kwenye lori. Kabla ya hapo malori yalitegemea barafu, ikiyeyuka njiani mzigo umeenda. Yeye na Joseph Numero wakaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Thermo King. Kontena la baridi unaloliona Likoni likipita juu ya meli, lile lenye mashine upande mmoja, linatokana na wazo hilo hilo. Sisemi muache shule kama mimi. Nasema aliyeunda mashine ndiye aliyekuwa na sauti.

Sasa kontena lenyewe linafanya nini? Linachomekwa kwenye umeme bandarini, tena melini. Parachichi linawekwa kwenye nyuzi 5 au 6 hivi, oksijeni inapunguzwa, tunda linalala usingizi mpaka Ulaya. Vilivyogandishwa vinakaa nyuzi 18 chini ya sifuri. Lakini kitu ambacho wengi hawajui ni hiki: kontena halikuundwa kupoza mzigo wa moto. Linatunza baridi ambayo mzigo umeingia nayo. Mzigo ukishapigwa jua, meli haiwezi kuutengeneza. Kwa hivyo safari ya Ulaya haianzii Kilindini, inaanzia ufuoni, dakika ile pweza anatoka majini.

Na hapo ndipo tunapopigwa.

Pweza wa Kwale hugandishwa Mombasa na kufika mpaka meza za Italia. Ila kati ya mwamba wa Galu na lile kontena kuna friza, na mwenye friza ndiye anayetaja bei. Mwaka wangu wa pili chuoni, wiki ya mwisho ya kulipa karo, bamvua lilikuwa zuri sana. Mjomba alitoka na mzigo ambao sijauona tena tangu hapo. Mnunuzi akachelewa. Alipofika saa sita akasema friza yake imejaa, stima imesumbua, anaweza kuchukua kwa nusu bei. Jua la utosi, barafu huna, pweza ameanza kulegea. Utabishana na nani? Mjomba akauza. Pesa haikutosha, na muhula ule nikarudi nyumbani. Sikuacha chuo kwa sababu ya pweza peke yake, lakini siku ile siisahau. Na yule mnunuzi simchukii, naye ana bili ya stima. Tofauti yetu ni kwamba yeye angeweza kungoja mpaka kesho.

Hata serikali imewahi kunaswa hapo. Mwaka 2019 China ilikubali kununua parachichi za Kenya, ila ziwe zimemenywa na kugandishwa mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri. Wangapi walikuwa na mtambo kama huo? Wachache mno. Soko lilifunguliwa kwa karatasi, likafungwa na friza. Mpaka 2022 ndipo parachichi mbichi zikaanza kwenda.

Kwa hivyo wewe uliyekomenti: mjomba anaamka kabla ya adhana ya alfajiri. Tatizo ni kwamba zamani alikuwa na jua na chumvi, vitu vya bure, na soko lilitaka vikavu. Leo soko linataka baridi, na baridi ina mwenyewe.

Ninachoandikia haya yote ni Shimoni. Kuna mradi wa bandari ya uvuvi pale, wa Mamlaka ya Bandari, na kwenye mpango mna mtambo wa barafu na ghala la baridi. Watu wanauliza meli ngapi zitatia nanga. Mimi nauliza mengine. Barafu itauzwa kwa nani, kwa bei gani? Wavuvi wa Galu, Msambweni na Vanga wataweza kuweka mzigo wao pale kwa jina lao, wangoje bei nzuri? Au tutajengewa friza nyingine kubwa ya mtu mwingine?

Kama uko Kwale, kwenye mkutano ujao wa BMU au wa wadi, simama uulize hayo. Usingoje mzee akuulizie. Mjomba atashuka mwambani tena bamvua lijalo na nitaposti. Safari hii kabla hujaandika uvivu, niambie kwanza kwenu friza ni ya nani.