Moto wa bandia ndani ya video ulianzia wapi?

Nizi, Djugu. Katika kambi za wakimbizi wa ndani, video moja ya mapigano inayofika usiku kwa simu inaweza kuamua kama familia italala au itafunga mizigo. Nyingine ni za kweli kabisa. Nyingine moto wake umebandikwa kwa kompyuta, na kazi hiyo ina historia yake.

Januari 1993, kampuni ndogo ya Marekani, CoSA, ilitoa programu ya After Effects, inayopanga picha juu ya picha ndani ya video. Mwaka 1994 programu hiyo ilikuwa tayari mikononi mwa Adobe. Watu wa nje nao waliruhusiwa kuitengenezea plagini, yaani programu ndogo isiyoweza kufanya kazi peke yake: inaingizwa ndani ya ile kubwa na kuiongezea uwezo. Ikawa biashara. Boris Yamnitsky alianzisha Boris FX mwaka 1995; Trapcode ilizaliwa Sweden mwaka 1999. Moshi, vumbi, radi, vyote vikauzwa. Baadaye Andrew Kramer wa Video Copilot alitoa nyingine bure, kama Saber ya mwaka 2016.

Kwa jirani zetu wa Uganda, kazi hii ilileta kicheko. Pale Wakaliga, Kampala, Nabwana Isaac, aliyewahi kufyatua matofali, aliunda kompyuta zake kwa vipande vya zamani. Filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, inasemekana haikufikisha dola 200. Helikopta na milipuko, vyote vya kompyuta! Alipokosa nafasi ya kutengeneza filamu nyingine, alifuta faili za asili; ikabaki ile ya DVD. Watazamaji walijua ni mchezo, na hakuna aliyekimbia nyumba yake.

Leo hata plagini haihitajiki sana, maana programu za simu zinakuja na moto na moshi ndani yake. Picha ya kilima chochote chenye migomba inaweza kuwashwa moto kwa dakika chache, kisha ikaitwa Lopa au Bambu.

Alama zipo. Kamera ikitikisika, moto wa kubandika mara nyingi huteleza kidogo, hauendi pamoja na nyumba. Hauangazi ukuta ulio karibu. Moshi unaelekea huku, majani yanapepea kule. Tena sauti: inatembea kama mita 340 kwa sekunde, hivyo bunduki iliyo umbali wa kilomita moja, cheche huonekana kwanza, na mlio hufika karibu sekunde 3 baadaye. Waliokwisha kukimbia vita tangu mwisho wa 2017 wanalijua hilo kwa masikio yao. Mtengenezaji wa video mara nyingi hulisahau.

Hata hivyo, video ya kweli ya mwaka jana, ikitumwa tena kama ya leo, itapita mitihani hiyo yote. Kwa hiyo simu ya kwanza ipigwe kwa ndugu aliyeko mahali penyewe.