Levallois-Perret: mji wa wauza viwanja

Ukitoka Paris kwa Porte de Champerret, upande wa kaskazini-magharibi, hutaona mahali Paris inapoishia. Majengo ni yale yale ya ghorofa sita au saba, maduka ya mikate ni yale yale, na metro namba 3 inaendelea chini ya miguu yako. Ila kisheria umeshaingia mji mwingine, wenye meya wake na bajeti yake. Levallois-Perret ina eneo la kilomita za mraba 2.4 tu, na mtu mwenye mwendo wa kawaida anaweza kuikata kwa nusu saa. Humo wanaishi watu zaidi ya 60,000. Paris yenyewe, ambayo wengi huiona imefurika, ina watu wapatao 20,000 kwa kila kilomita ya mraba. Levallois ina zaidi ya 26,000.

Mgeni angetarajia minara ya ghorofa thelathini. Haipo ya kutosha kueleza hesabu hiyo. Maelezo yako ardhini, kwenye namna viwanja vilivyokatwa.

Mwanzoni mwa karne ya 19 hapa palikuwa mashamba ya vijiji viwili, Clichy na Neuilly. Mwaka 1822 Jean-Jacques Perret alianza kugawa ardhi yake karibu na Paris, na sehemu hiyo ikaitwa Champerret, yaani shamba la Perret. Mwaka 1846 akafuata Nicolas Levallois, seremala aliyekuwa pia muuza mvinyo, ambaye mwenye ardhi aitwaye Rivay alimpa kazi ya kuikata na kuiuza. Levallois hakuwa mpangaji miji wa kusomea, lakini alijua wateja wake ni akina nani: mafundi na vibarua wenye akiba ndogo. Akapiga mistari iliyonyooka, njia zikakutana kwa pembe mraba, na katikati yake vikatoka viwanja vidogo ambavyo mtu wa mshahara wa wiki angeweza kuvimudu.

Ukuta ndio uliompa soko. Kati ya 1841 na 1844 serikali ya Ufaransa ilijenga ngome kuizunguka Paris, na mwaka 1860 Paris ikatanua mipaka yake hadi kwenye ngome hiyo. Tangu hapo bidhaa zilizopita malangoni, mvinyo ukiwemo, zililipiwa ushuru. Nje ya ukuta glasi ilikuwa nafuu, na kodi ya chumba pia. Wakati huohuo mkuu wa mkoa, Haussmann, alikuwa akibomoa mitaa ya kati ya Paris ili kupitisha barabara pana, na maskini waliohamishwa walihitaji pa kwenda. Wengi walikwenda kwa Levallois. Makazi yakakua haraka kiasi kwamba sheria ya mwaka 1866 iliyamega kutoka Neuilly na Clichy, na mwaka 1867 ukawa mji kamili. Miji mingi ya Ufaransa ina majina ya watakatifu. Huu ulipewa majina ya wauza viwanja wawili, na sioni sababu ya kuuonea aibu. Angalau haukuficha ulivyozaliwa.

Mji ulipokuwa ndio kwanza unapata hati yake, mhandisi kijana aitwaye Gustave Eiffel alifungua karakana hapo. Mnara wa Paris unaobeba jina lake ulisimamishwa Champ-de-Mars kati ya 1887 na 1889, lakini kazi ya kuutengeneza ilifanyika Levallois. Vipande vya chuma zaidi ya 18,000 vilichorwa kimoja kimoja, vikakatwa na kutobolewa karakanani, kisha vikapelekwa Paris vikiwa tayari vimeunganishwa kwa mafungu. Tundu likikosea, fundi wa mnarani hakuruhusiwa kulitanua palepale: kipande kilirudishwa Levallois. Ndiyo maana mnara ule ulikwenda juu kwa miaka miwili na kidogo tu. Mamilioni ya watu huupiga picha kila mwaka, na sidhani wengi wao huwakumbuka waliotoboa matundu ya ribiti.

Eiffel alifariki 1923 na kuzikwa katika makaburi ya Levallois. Humo humo amelala mtunzi wa muziki Maurice Ravel, na humo humo yupo Louise Michel, mwalimu aliyepigana katika Komuni ya Paris, uasi wa wakazi wa jiji hilo mwaka 1871, akahamishiwa kwa nguvu kisiwa cha New Caledonia na kurudi 1880. Alikuwa na sababu zake za kulala hapo. Mama yake alizikwa Levallois mwaka 1885, na kabla yake Théophile Ferré, mwenzake wa Komuni aliyepigwa risasi na serikali. Louise alipofariki Marseille mnamo Januari 1905, mwili wake ulisafirishwa hadi Paris na umati mkubwa ukausindikiza mpaka Levallois. Mwaka 1946 kituo cha metro cha Vallier kilipewa jina lake. Wanawake wenye vituo kwa majina yao wenyewe katika metro ya Paris ni wachache mno.

Baada ya chuma yakaja magari. Adolphe Clément, aliyetajirika kwa baiskeli, alijenga kiwanda kikubwa Levallois, na Louis Delage naye alianzia hapo mwaka 1905. Kiwanda cha Clément kikaja kuwa mali ya Citroën, na kuanzia 1949 ndimo ilimotoka 2CV, gari dogo lililobuniwa kwa ajili ya mkulima wa Ufaransa: libebe watu wawili na gunia la viazi, lipite njia mbovu, lisile mafuta mengi. Wanunuzi wa mwanzo walisubiri miaka. Lilitengenezwa katika kiwanda cha kizamani kilichobanwa na mitaa pande zote, na miongo ya mwisho mikono mingi humo ilikuwa ya wahamiaji, hasa kutoka Afrika Kaskazini. Mgomo ulioanzia kiwanda cha Citroën cha Aulnay mwaka 1982 ulifika hadi hapa. Februari 1988 kiwanda kikafungwa, na 2CV za mwisho zikatengenezwa Ureno.

Siasa ilikuwa imegeuka mapema zaidi. Tangu 1965 meya alikuwa Mkomunisti, Parfait Jans. Mwaka 1983 alishindwa na Patrick Balkany wa mrengo wa kulia, ambaye aliutawala mji hadi 1995, na tena kuanzia 2001. Karakana zilibomolewa, zikaja ofisi, nyumba za kununua na bustani zilizopambwa. Vibarua wakapisha watu wa bima, matangazo na benki. Wakazi wengi walimpenda, na walimpigia kura huku wakijua anaandamwa na kesi. Usafi wa barabara na bustani ulitosha. Kwa upande wa pili wa daftari, Levallois ilitajwa mara kwa mara miongoni mwa miji yenye deni kubwa zaidi kwa kila mkazi nchini. Mwaka 2019 Balkany alihukumiwa kifungo kwa kukwepa kodi.

Wakati wote huo mistari ya seremala haikuguswa. Kiwanja kilichouzwa kwa kibanda cha ghorofa moja kilijengwa upya, kikapandishwa, kikaunganishwa na cha jirani, lakini njia zilibaki pale alipozichora. Kwa sababu mji hauna pa kutanukia, huku Paris, kule mto Seine, kila mkazi mpya anapatiwa nafasi ndani ya mistari hiyo hiyo. Palipo na hewa ni kwenye kisiwa cha Jatte, ambacho Levallois inagawana na Neuilly. Hapo ndipo Georges Seurat alipowachora watu wa Paris wakipumzika Jumapili, katika picha aliyoikamilisha 1886. Picha yenyewe ipo Chicago.