Lami Imefika Kakuma, Lakini Nati Zetu Bado Ziko Enzi ya Mashimo

Wasee wa rimu, leo sina picha za gari. Leo ni historia, na mtanivumilia kidogo, kwa sababu hizi rimu tunazofunga Lodwar na Kakuma zina stori ndefu. Ukiijua hutashangaa siku utakapoona gurudumu la gari fulani likimpita dereva wake barabarani.

Enzi za mkoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Kuingia ni kwa kibali. Ndiyo maana Kenyatta alifungiwa huku, Lokitaung kwanza, halafu akazuiliwa Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Mbali, joto, na njia ni mchanga. Gari iliyofika ilikuwa ya serikali, ya misheni au lori la mizigo, na rimu zake za chuma. Hakuna aliyeuliza kama zinapendeza. Swali lilikuwa moja tu: itavuka laga?

Miaka ya 1980 barabara ya kutoka Kitale ikapata lami kwa msaada wa Norway. Halafu 1990 serikali yetu ikakosana na Norway, ubalozi ukafungwa, na lami ile ikaanza kuliwa na jua, lori na mafuriko. Wakati huohuo vita vya Sudan vilikuwa vinaleta magari. Shughuli ya misaada ya Umoja wa Mataifa ilianza 1989, kituo chake kikubwa kikiwa Lokichoggio, na kambi ya Kakuma ikafunguliwa 1992. Land Cruiser nyeupe zikawa nyingi kama mbuzi.

Hapa ndipo historia inaingia kwa gurudumu. Land Cruiser za zamani za mfululizo wa 70 zilikuwa na stadi 6, na PCD ya mm 139.7. PCD ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya stadi zote. Hilux ya 4x4 ni hiyohiyo, 6 kwa 139.7. Kwa hivyo spea ya huyu iliingia kwa yule, safari ikaendelea. Nadhani ule msemo wetu wa "sita ni sita" ulizaliwa hapo. Shida ni kwamba hata Nissan Patrol ni 6 kwa 139.7, lakini tundu lake la katikati ni mm 110, na habu ya Toyota ni 106. Rimu inaingia, nati zinafunga, kumbe imekaa hewani. Halafu 1999 Toyota ikabadilisha Land Cruiser kubwa za 70 kuwa stadi 5 kwa mm 150, na fundi aliyezoea kuazima spea akabaki na jeki mkononi.

Sasa hoja yangu ni hii: barabara mbovu ilituficha. Kati ya Lodwar na Kakuma ni kama kilomita 120, na kwa miaka mingi ulikuwa unaenda polepole ukikwepa mashimo, mara nyingine unaacha barabara kabisa unapita kando kwa mchanga. Kwa mwendo huo gurudumu likitikisika utasema ni njia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010 barabara ya kutoka Lokichar kwenda mpaka wa Sudan Kusini imejengwa upya, sehemu kubwa kwa pesa za Benki ya Dunia. Probox iliyokuwa inatambaa sasa inagonga 110. Kwa mwendo huo, ile mm 2 ya nafasi kila upande wa habu si mchezo tena.

Tuongee kuhusu Probox na Fielder basi, maana ndizo tunazovalisha. Habu yao ni mm 54.1. Rimu nyingi za duka zimetobolewa 73.1 katikati ili ziingie gari za kila aina. Ile nafasi inajazwa na ringi ndogo ya kati, ya 73.1 nje na 54.1 ndani. Ni kitu cha bei ndogo sana, na ndicho watu wanakiacha dukani. Mimi ningechukua ya alumini, si ya plastiki, kwa sababu joto la breki pamoja na joto la Lodwar, wacha tu.

Nati nazo. Toyota yenye rimu za alumini za kiwandani mara nyingi hutumia nati yenye washa bapa. Rimu za duka nyingi zinataka nati yenye kichwa cha koni ya digrii 60. Ukifunga bapa kwenye tundu la koni, chuma kinagusa sehemu ndogo tu. Itakaza leo. Kesho imelegea. Na usidanganywe na rimu ya Mercedes ya 5 kwa 112 kwenye RAV4 ya 5 kwa 114.3. Ati "inaingia ukilazimisha"! Manze, stadi ndizo zinapindishwa hapo.

Urembo siupingi. Lakini Fielder ya 175/65R15 ina ukuta wa tairi wa mm 114 hivi, na ukiweka 205/45R17 unabaki na 92. Lami ikikatika pale laga ya Kawalase au Tarach imepita juu ya barabara, ni rimu inayopigwa. Na Probox ya kubeba watu na magunia, angalia nyuma ya rimu kama kuna alama ya JWL-T, ya gari za mizigo. JWL peke yake ni ya gari ndogo za abiria.

Kufunga kwenyewe: futa kutu kwa habu kwanza. Anza nati kwa vidole, kaza kwa kuvuka kama nyota, gari ikiwa bado kwa jeki. Ishushe, umalizie kwa spana ya kupima nguvu, Nm 103 kwa Toyota nyingi ndogo. Kuruka juu ya spana si kipimo. Halafu toka Lodwar, na ukifika katikati ya njia ya Kakuma simama, rimu zikipoa uzipime tena. Abiria watalalamika. Waache walalamike.